Wendelin na Mashine Isiyonguruma

Kule Chilundu, mashine ya kukoboa mpunga huwashwa kabla mteja hajafika. Mgeni akiona hivyo husema hawa watu wana mali ya kuchezea. Wala! Chilundu ni kitongoji kilichokaa juu ya mwinuko katikati ya bonde la Kilombero, na masika yakishika, maji huuzunguka mwinuko huo pande zote, ukawa kisiwa kwa miezi mitatu. Majira hayo wenye nguvu zao wako mashambani, kila familia juu ya dungu lake, wanalinda mpunga usiliwe na ndege wala kukanyagwa na viboko. Kutoka dungu la karibu mpaka mashineni ni nusu saa ya kusukuma mtumbwi kwa upondo, na la mbali ni saa nzima na ushei. Sasa nani apakie gunia la mpunga wa mwaka jana, ahangaike nalo majini saa nzima, afike akute mashine imelala? Kwa hiyo watu husikiliza kwanza. Injini ikinguruma, wanapakia. Isiponguruma, wanashika kinu na mchi, wanatwanga cha siku hiyo, maisha yanaendelea.

Aliyekuwa akiwaita hivyo kwa miaka thelathini ni Wendelin, Mpogoro wa Mahenge aliyeteremka bondeni akiwa na miaka kumi na tisa na shati moja. Alianzia Mlimba, karibu na stesheni, akifagia pumba kwenye mashine ya mtu mwingine, akajifunza injini kwa kuitazama. Baadaye akajipatia yake, injini ya dizeli ya mtu aliyekuwa anahama. Ikaja kwa treni mpaka Ifakara, ikavushwa maji juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Wanakitongoji wakamwambia sawa, baba, karibu, ila hiyo kelele yako kaipeleke kule mwisho, karibu na kivuko. Akajenga kibanda huko, hatua mia tatu kutoka nyumba ya mwisho.

Juu ya bomba la moshi Wendelin aliweka kopo lililotobolewa ili sauti ipande. Valvu moja ya injini ilikuwa imechoka tangu siku ya kwanza, kwa hiyo ilikuwa inachechemea: mbili za haraka, kisha kama imekumbuka jambo, moja. Tuku-tuku... tu. Tuku-tuku... tu. Bonde zima liliijua sauti ile kama mtu anavyojua kikohozi cha baba yake. Mtoto wa miaka mitatu juu ya dungu aliweza kumwambia mama yake, "Wendelin kawasha."

Injini hiyo ilimlisha. Ikamsomeshea binti yake Frida mpaka akawa muuguzi. Na ikamla masikio. Haikuyala kwa siku moja, ilikuwa inamega kidogo kidogo. Kwanza walinyamaza ndege. Ikafuata mvua kwenye bati, kisha padri altareni, kisha wajukuu wa jirani. Mwisho likabaki sikio la kushoto, nalo husikia mtu akiweka mdomo karibu na kusema polepole. Daktari mmoja wa Ifakara alimchungulia masikio yote mawili, akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: UKIENDELEA KUKAA NA INJINI, HILI PIA LINAKWENDA.

Jambo moja Wendelin hakulikubali hata kwa fimbo: kwamba hasikii. Alikuwa na dawa yake, nayo ni kuitikia. Ukizungumza naye, anakutazama mdomo mpaka uufunge, kisha anateremsha na kupandisha kichwa na kusema, "Sawasawa, sawasawa." Kwa dawa hiyo aliwahi kuwa msimamizi wa ndoa ya watu asiowajua. Aliwahi pia kununua mbuzi ambaye hakuwa na haja naye, mbuzi mkorofi, na mkewe Klementina alimsema yule mbuzi mpaka siku walipomla. Wendelin hakujifunza.

Dizeli yenyewe ilikuwa ikija na Beno, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye pia ni mwenye mtumbwi mkubwa. Madumu kwa madumu, kutoka Ifakara, masika na kiangazi. Masika bei ilipanda mpaka mtu unacheka kwa hasira. Kuna mwaka mtumbwi ulipinduka, dizeli ikatanda juu ya maji, na Chilundu nzima ikanywa chai yenye harufu ya lori kwa wiki mbili. Kuna mwaka maji yalikuwa makali hata Beno hakuvuka, mashine ikalala siku ishirini na moja, na mikono ya kina mama ikaota malengelenge kwa mchi. Kwa hiyo mradi wa sola ulipokuja kuuliza nani anataka kuachana na dizeli, mkono wa Wendelin ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Hilo swali, kwa bahati, lilikuwa limeandikwa ubaoni.

Fundi aliyekuja kuifunga aliitwa Levina, binti wa Ifakara, mwembamba, mwenye kofia ngumu ya njano na sauti ndogo ya kanisani. Akapanga paneli ishirini na nne juu ya paa. Injini ya dizeli ikang'olewa, ikasukumwa nje kwenye nyasi. Mahali pake pakakaa mota ya kijani ambayo ungeweza kuidhania ndoo iliyolazwa, na ukutani likafungwa boksi lenye taa na namba.

Sasa sikiliza siku ya uzinduzi ilivyokuwa, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mwisho wa Februari, watu wote wapo, wageni wamekaa kwenye viti vya plastiki. Mtu wa muziki kaja na spika zake, na spika zinataka umeme. Kaja na jenereta. Ili wageni wa sola wasione jenereta, akalificha nyuma ya kibanda cha mashine. Likanguruma huko nyuma asubuhi mpaka jioni, ukuta ukawa unatetemeka. Levina akamimina gunia moja la mpunga, mchele ukatoka mweupe bila chenga, watu wakapiga vigelegele, na kila mtu akatazama kibandani kunakotoka ule mngurumo. Chilundu ikaenda kulala ikijua kwa hakika kwamba mashine ya jua inanguruma kuliko ile ya dizeli.

Levina alimweka Wendelin pembeni, akamweleza mambo matatu. La kwanza, mashine hii haina kelele. Ikikoboa utaisikia ukiwa karibu, ikizunguka tupu hata jirani hajui. La pili, boksi linahesabu magunia lenyewe na kupeleka hesabu Ifakara kwa mtandao. La tatu, mwisho wa Mei kama halijahesabu magunia mia mbili, mashine itang'olewa ipelekwe kitongoji kingine, isipokuwa mwendesha mashine akiomba nyongeza ya mwezi mmoja. Wendelin akamtazama mdomo mpaka akaufunga. Kichwa kikashuka, kikapanda.

"Sawasawa, sawasawa."

La pili na la tatu Klementina alimsomea jioni ile kwenye karatasi ya mkataba, mdomo sikioni. La kwanza halikuwa kwenye karatasi. Nani anaandika kwenye mkataba kwamba kitu hakifanyi kitu?

Kesho yake alfajiri Klementina akapanda mtumbwi kwenda Viwanja Sitini, Ifakara mjini, kumkanda Frida aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Alisema atakaa siku arobaini. Mtoto alikuwa mdogo, hakuongezeka uzito haraka, na siku arobaini zikawa karibu miezi mitatu.

Hivyo ndivyo Wendelin alivyobaki na mashine yake. Kila siku saa mbili asubuhi, jua likishapanda kwenye paneli, aliiwasha ikiwa tupu, kama alivyofanya miaka yote, ili iite watu. Akavuta kigoda mpaka mlangoni, akakanyaga sakafu ya saruji miguu peku. Mota ilikuwa inampa mtetemo kidogo kwenye nyayo, basi akaridhika. Inakwenda. Akakunja mikono akangoja.

Hakuja mtu.

Machi ikaisha hivyo. Wendelin alijiambia watu wanamalizia mchele waliokuwa nao. Aprili ikaanza, akaona mitumbwi inapita kivukoni, watu wanashuka na samaki wao, wanapanda na chumvi yao, wanamtazama, wanapita. Kila aliyepita alimwamkia, kisha akatikisa kichwa kwa huruma, na mdomo wake ukafanya neno ambalo Wendelin aliweza kulisoma hata kwa mbali.

"Pole, mzee."

"Nimeshapoa!" alijibu kwa kupayuka. Alidhani wanampa pole ya kukaa bila mke.

Wao walikuwa wanampa pole ya mashine. Kitongoji kizima kilishakubaliana kwamba mashine ya jua ilikufa siku ya pili. Siku ya kwanza ilinguruma, wote waliisikia. Siku ya pili kimya, na kimya mpaka leo. Ushahidi gani tena unautaka? Na mzee wa watu anakwenda kila asubuhi kukaa mlangoni pa mashine iliyokufa, kama mtu aliyeweka matanga. Wakaona si vizuri kumtonesha kidonda. Heshima ilikuwa nyingi mno Chilundu masika ile, na laiti mtu mmoja angekosa adabu.

Wendelin naye alikuwa na maelezo yake. Wamenisusa, alijisemea. Wameona nimepata kitu kizuri, roho zinawauma. Na nani aliyewachochea kama si Beno, ambaye safari zake za madumu zilikufa siku sola ilipofika? Wazo hilo likamwingia likakaa. Akaacha kumsalimu Beno. Usiku alikula ugali wake peke yake, maana wali ulikuwa umemtoka moyoni, akawa anafikiria mwisho wa Mei. Mashine ikiondoka, kuna njia moja tu: kuirudisha ile ya dizeli ndani, madumu, moshi, kelele, na sikio la kushoto kwaheri. Na Frida alikuwa ameshamtumia picha ya mjukuu, kinywa wazi, analia. Wendelin aliitazama picha ile mara nyingi kuliko alivyoweza kukiri. Hakuwa amewahi kumsikia mtoto yule analiaje.

Wiki ya tatu ya Mei ujumbe ukaingia kwenye simu. Shikamoo mzee. Boksi linaonyesha mashine inazunguka kila siku lakini haikoboi. Tangu Februari magunia mawili tu. Kuna tatizo? Kama hali ni hii tutakuja Alhamisi ya mwisho wa mwezi na mafundi kuing'oa. Levina.

Magunia mawili. Moja la uzinduzi na moja lake mwenyewe. Wendelin alikaa na simu mkononi kama nusu saa, kisha akajibu kwa kidole kimoja: Sawasawa. Hata kwa maandishi, jamani, aliitikia!

Baada ya hapo hasira ikampanda. Akateremka kivukoni alikokuwa Beno anakausha mtumbwi kwa kopo, akasimama mbele yake.

"Beno! Mimi nimekukosea nini?"

"Shikamoo, mzee," alisema Beno, akaacha kopo.

"Nimekukosea nini wewe, hata uwazuie watu wasije kwangu? Mashine ipo, inanguruma kutwa, bonde zima linasikia, na hakuna hata mbwa anayekuja! Kwa ajili ya madumu yako? Ndiyo uninyime riziki?"

Akageuka, akapanda zake na njia. Nyuma yake Beno alijibu, tena alijibu kirefu, mikono imetanuliwa. "Mzee, inanguruma wapi? Mashine yako si imekufa? Wote tunajua imekufa, tunakuonea huruma tu!" Kila kitu alichohitaji kujua Wendelin kilikuwa ndani ya maneno hayo, na yote yalimkuta amempa Beno mgongo.

Jumatatu yake Klementina akarudi. Aliteremka kwenye mtumbwi wa Beno na beseni, mfuko, na kanga mpya aliyopewa na mkwewe. Njiani Beno alikuwa amemweleza habari za mashine kufa na mzee kuanza kuchanganyikiwa, na Klementina hakuamini, alikuwa amemwacha mumewe akiwa mzima. Akapanda moja kwa moja mpaka kibandani. Wendelin alimwona, akasimama, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu Februari. Alikuwa amemkumbuka sana.

"Mama Frida! Karibu, karibu, umeikuta kazini!" Alipayuka vilevile. "Unaisikia inavyokwenda?"

Klementina akatua beseni. Akasikiliza. Alisikia maji yanagonga mitumbwi kule chini, akasikia kuku wa jirani, akasikia bati linalia kwa jua.

"Ipi?" aliuliza.

"Hii! Tangu saa mbili. Miezi mitatu inanguruma hivi hivi na watu wako wamenisusa. Waulize, waulize wanataka nini!"

Klementina akapita ndani. Akaona mkanda unakimbia kwenye kinga yake ya chuma, akaweka kiganja juu ya mota, ikatetemeka kidogo. Ilikuwa inazunguka vizuri kabisa. Akarudi mlangoni, akasimama pale pale aliposimama mwanzo. Kimya. Akarudi tena ndani. Kama mtu angemwona angesema na huyu sasa amechanganyikiwa. Mwisho akamshika mumewe bega, akamkalisha kwenye kigoda, akaweka mdomo kwenye sikio la kushoto.

"Baba Frida. Inazunguka. Lakini hailii."

"Hailii vipi?"

"Haina sauti. Hapo nilipotua beseni sijasikia kitu. Huko madunguni watasikia nini?"

"Siku ya uzinduzi ilinguruma. Niliihisi mpaka magotini."

"Siku ile lilikuwa jenereta la muziki, liliwekwa huku nyuma. Na mimi nilidhani ni yenyewe. Yule binti hakukwambia kwamba haina kelele?"

Wendelin alitazama sakafu.

"Alisema mengi."

"Ukaitikia."

"Nikaitikia."

Basi Klementina akasimama wima akashika kiuno, na aliyoyasema sasa hayakuhitaji sikio la kushoto. "Miezi mitatu! Umeona afadhali ununiane na watu wote wa bonde hili, kuliko kumwambia mtoto mmoja wa kike, binti, sijasikia! Unamtukana Beno wa watu! Mbuzi hakukutosha?"

Zile pole zote zilikuwa zinamrudia Wendelin, moja moja, na kila uso uliozisema. Aliona aibu, aibu hasa, ile inayomfanya mtu mzima atamani ardhi ipasuke aingie. Siku tisini alikuwa ameketi mlangoni akiwaita watu kwa kimya.

Jioni Wendelin mwenyewe akaenda kwa Beno, akamwomba radhi mbele ya mkewe na watoto, na hilo lilikuwa gumu kuliko kubeba injini. Beno akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akasema kwa sauti ya juu kwamba dawa ni rahisi: anayo madumu mawili ya dizeli yaliyobaki, wairudishe injini, iwe inawashwa nusu saa tu kila asubuhi, iite watu, izimwe.

Klementina alimfikishia mumewe maneno hayo sikioni. Wendelin akamtazama Beno.

"Ninunue dizeli," alisema, "ili nitangaze kwamba sinunui dizeli?"

Hata hivyo usiku ule hakulala haraka. Wazo la ile injini lilikuwa limemkaa kichwani. Asubuhi akaenda kwenye nyasi ilikotupwa, akaigeuza, akalitazama lile gurudumu lake zito la chuma, ambalo mafundi huliita flaiwili. Nati ilikuwa imeshikwa na kutu. Akamwita Beno, wakaivalisha spana, wakaivalisha spana bomba refu, wakaning'inia wote wawili mpaka ikalegea. Wakalifunga gurudumu mnyororo, wakalitundika kwenye boriti nje ya kibanda. Wendelin akachukua kipande cha nondo, akaligonga. Moja. Akangoja. Moja. Akamtazama Klementina. Klementina akaitikia kwa kichwa: linasikika, linasikika sana.

Baada ya robo tatu ya saa mtumbwi ukatokea kwenye matete, unasukumwa mbiombio. Ndani kina mama wanne, kanga vichwani, nyuso zimeiva kwa huzuni. Wa mbele akaruka kabla mtumbwi haujagusa nchi.

"Nani katutoka?"

Lo! Walikuwa wamesahau kigango, kanisa dogo la pale kitongojini. Kengele ya kigango ni rimu ya gari, na ikigongwa moja moja siku ya kazi, maana yake ni msiba. Klementina akawaeleza, nao kwanza wakakasirika, kisha wakacheka, kisha wakasema hawakubeba mpunga, nani anabeba mpunga kwenye msiba? Wendelin alisimama na nondo yake mkononi. Ilikuwa Jumanne, saa tano, na Alhamisi ilikuwa kesho kutwa.

Klementina akamrudia sikioni. "Usigonge kama kanisa. Gonga kama yenyewe."

Wendelin alifumba macho. Miaka mingi alikuwa hajaisikia injini ile kwa masikio. Alikuwa anaisikia kwa mbavu, kwa meno, kwa nyayo. Mkono ukaanza wenyewe. Mbili za haraka, kisha kama mtu aliyekumbuka jambo, moja. Tuku-tuku... tu. Tuku-tuku... tu. Yule mama wa mbele aliweka mkono mdomoni. Wendelin hakujua kama anapatia. Aligonga akiwa amefumba macho, jasho linamtiririka, mpaka bega likafa ganzi, akabadilisha mkono, akaendelea.

Alipofumbua macho aliona upondo. Kisha wa pili. Kisha kwenye matete pakawa na pondo nyingi zinapanda na kushuka, na mitumbwi imekaa chini majini kwa uzito wa magunia. Madunguni watoto walikuwa wameshawaambia mama zao, Wendelin kawasha. Siku ile mashine ilikoboa mpaka jua lilipoondoka kwenye paneli. Jumatano watu walifika kabla ya saa mbili, wakamngoja yeye.

Alhamisi Levina akaja na mafundi wawili na sanduku la spana. Mtumbwi wao ulikosa pa kuegesha, ikabidi wavue viatu watembee majini. Wakapanda wakikwepa magunia. Levina akaingia kibandani, akasoma boksi, akatoka akipekua simu yake. Magunia hamsini na matatu. Si mia mbili, si hata karibu. Foleni nzima ikanyamaza ili isikie. Klementina alikuwa ndani anapokea mchele, hakuona kitu.

Levina akasema na Wendelin. Alisema kwa ile sauti yake ndogo, ameinamia simu, hata mdomo haukuonekana. Kisha akainua uso akangoja. Mafundi wawili, spana mikononi, wakatazama kichwa cha Wendelin. Foleni ikatazama kichwa cha Wendelin. Naye akahisi kidevu kinaanza kushuka chenyewe, kama kilivyozoea, na ile sawasawa imeshafika kwenye ulimi.

Kikasimama nusu ya njia.

"Sijasikia," alisema.

Hakuna mtu Chilundu aliyewahi kumsikia akisema neno hilo. Akaona nyuso zinageukiana, na bado akaendelea. "Mimi sisikii, binti. Masikio yameliwa na injini ile pale kwenye nyasi. Siku ya kwanza pia sikukusikia. Njoo huku kushoto, useme tena."

Levina akaweka simu mfukoni. Akavua kofia yake ya njano, akainama, akaweka mdomo kwenye sikio la kushoto, akarudia polepole.

"Niliuliza, mzee: magunia hayajafika, basi hawa mafundi waanze kuing'oa?"

Wendelin alisikia neno kwa neno.

"Hapana," alisema, akapayuka mpaka mtumbwi wa mwisho ukamsikia. "Naomba mwezi wangu wa nyongeza."